Barabara ya Kwenda kwa Mdogo Wetu

Msitu ulikuwa umeanza kutoa majani yake mekundu, yale yanayotangulia mvua, siku mdogo wangu wa kiume aliporudi nyumbani na mikono myeusi ya mafuta akasema motokari sasa itaweza kufika mtoni. Hakusema kwa kelele. Alikaa kizingitini, akavua viatu, akasema, "Yaya, iko inatembea," maana kwetu yaya ni dada mkubwa, kisha akaomba maji ya kunawa. Mimi nilikuwa kwenye mashine, nashona kaptula ya shule. Niliendelea hadi mwisho wa mshono, maana mshono ukiachwa katikati hupinda, halafu nikakata uzi nikaenda kumletea maji.

Mtoni ndiko alikokuwa mdogo wetu wa mwisho.

Mama alifariki alipomzaa. Baba alikuwa ametangulia. Bibi, mama yake mama, alikuja kwa treni kutoka nchi ya maziwa, kule chini ya Bukama ambako Lualaba huchoka kuwa mto na kutandazika kama shuka. Alikaa nasi hadi matanga yakaisha, kisha akamfunga mtoto mgongoni. Alitaka kutuchukua sote. Mimi nilikataa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwisha kuanza shule, nyumba ya baba ilikuwa bado yetu, na niliogopa kwamba tukiondoka sote hapa Likasi hakuna atakayejua kwamba tuliwahi kuwa nyumba moja. Kwa hiyo mimi niliacha shule ili yeye aendelee, na wanawake wa parokia wakanifundisha kushona. Siku ile stesheni, bibi akiwa tayari dirishani, nilimwambia, "Nitakuja kumchukua." Akanijibu, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ile mtu anayomjibia mtoto anayesema atakuwa rubani.

Miaka ilipita, na ahadi ile ilikaa ndani yangu kama mtu anayeishi chumba cha nyuma. Ningeweza kupanda treni, ndiyo. Lakini treni ingenipeleka mimi peke yangu, na niliona aibu kufika kule peke yangu, mikono mitupu, kumwomba bibi mtoto aliyemlea. Nilitaka tufike mimi na mdogo wangu, na mizigo ya kumshukuru bibi: vitenge, chumvi, blanketi, sufuria kubwa. Nilitaka mtoto arudi na vitu vyake vyote, amekaa katikati yetu, akiangalia nchi ikipita. Mdogo wangu alikuwa fundi wa magari. Akaanza kuunganisha motokari moja kutoka kwa mbili zilizokufa, jioni kwa jioni, kwenye karakana ya mtu aliyemruhusu kutumia kona.

Na mimi nikaanza kupanga njia.

Niliipanga juu ya meza yangu ya kukatia. Ni meza ndefu ya mbao, imelainika kwa miaka ya vitambaa, na chaki ya fundi inaandika juu yake vizuri na kufutika kwa kiganja. Jioni, nilipomaliza kazi za watu, nilichora. Upande wa mlango ulikuwa Likasi. Upande wa dirisha ulikuwa maji. Katikati niliweka Kambove, Tenke, Lubudi, Luena, Bukama, moja baada ya nyingine, na mahali nilipodhani tutalala nilichomeka pini. Sikuwa nimefika hata mahali pamoja pa hapo. Nilipajua kwa sababu ya baba.

Baba alifanya kazi kwenye treni. Usiku aliokuwa nyumbani alikuwa akitulaza kwa kututajia vituo, polepole, kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya changarawe. Hakuna siku tuliyofika Lubudi bado tuko macho. Nadhani ndiyo sababu, hata sasa, nusu ya pili ya safari ile ilikuwa kwangu nchi ya usingizi. Nilipochora Luena, chaki ilipita taratibu zaidi. Niliona vichuguu virefu kuliko nyumba, vimesimama kwenye nyasi zilizoungua kama watu wanaosubiri kuitwa. Niliona wauza asali kando ya barabara, chupa zao zimeshika jua. Niliona nchi ya juu ikiinama, hewa ikiwa nzito na ya moto, michikichi ikianza, na mwisho wake weupe mpana ambao mtu angedhani ni mbingu imeanguka, kumbe ni maji. Halafu mdogo wangu alikuwa akigonga mlango, na bukari, ugali wetu, ilikuwa imepoa.

Mtoto mwenyewe nilimjua kwa vipimo. Kila mwaka, kuelekea Noeli, nilimshonea gauni na kumpa mama mmoja muuza samaki, anayeteremka Bukama na maziwani kwa treni kuleta samaki wakavu sokoni kwetu. Sikuwa na kipimo. Nilikumbuka mwili wangu nilipokuwa na umri wake nikakata kwa kukisia. Mama yule aliporudi aliniletea salamu na masahihisho: mikono mifupi, kiuno kipana mno, mabega yamezidi, huyu anapiga kasia. Mwaka uliofuata nilirekebisha. Hivyo niliona mabega yake yakipanuka, mgongo ukirefuka, kifua kikija, bila kumwona. Mwaka jana mama yule alirudi akasema gauni lilikaa kama ngozi. Nililia nyuma ya nyumba, kisha nikaanza kumwandalia kitanda.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikwenda kuijaribu motokari njia ya Koni. Mdogo wangu alitaka kusikia breki kwenye mteremko. Mimi nilitaka tu kukaa ndani yake. Ilikuwa na mlango mmoja wa kijani na mwingine mweupe, na ilinuka mafuta na ngozi ya zamani. Tuliacha vumbi la mji nyuma, na msitu wote ulikuwa mwekundu na wa shaba, majani machanga yakiangaza kana kwamba jua limewekwa ndani yake, si juu yake. Tulisimama karibu na mto Lufira tukala mikate na karanga.

"Yaya," mdogo wangu alisema, akiyatazama maji, "haya yanaendaka kule."

"Wapi?"

"Kule kwake. Lufira inaingia mu Lualaba, kule ku maziwa. Haya maji yatamuona mbele yetu."

Nilivua viatu nikaingia hadi magotini. Nilinawa uso, na maji niliyonawa nikayaangalia yakienda, mpaka nikashindwa kuyatofautisha na mengine.

"Ukiyapa barua itafika imeloa," alisema nyuma yangu.

"Nyamaza, weye."

Tulirudi na furaha ya kijinga, kama watu waliokwisha kufika.

Wiki ile mama muuza samaki alipita kwangu kabla ya kupanda treni. Alitaka nimpunguzie sketi. Ni mwanamke mkubwa, anayeketi mahali kama mzigo unavyotuliwa, na anayemcheka kila mtu kwa usawa. Aliegemea meza yangu akaona michoro.

"Fundi, unakata nguo ya nani iyi?"

"Si nguo, mama. Ni njia. Ya kwenda kwa mdogo wetu. Tunaenda na motokari."

Aliinama. Alifuata chaki kwa kidole, kituo kwa kituo, midomo ikimtembea. Kisha akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu kote.

"Weye ulizaliwa mu treni?"

"Karibu. Kwa nini?"

"Iyi ni reli! Umechora reli. Motokari yenu iko na magurudumu ya chuma? Hapa, na hapa," alipiga meza kwa kidole, "barabara haipiti kabisa. Utakuwa unalala mu majani na pini yako, unangojea kengele ya stesheni."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni anakunywa maji. Aliangalia juu.

"Na weye ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unachora vizuri, yaya. Na vile, ile ndiyo njia baba alitupa."

Mama yule aliacha kucheka. Alivuta kiti, akachukua chaki, akatuonyesha njia ya magari kama wanavyoisema madereva wanaobeba mahindi: mahali barabara inapoachana na reli na kuipa kisogo, mahali inapopanda, kijiji ambako malori hulala kwa kuwa kuna kisima na mama mpika bukari, daraja la magogo ambapo abiria hushuka na kutembea kwa miguu huku dereva akipita peke yake akimwomba Mungu. Nilihamisha pini zangu. Iliniuma kuondoa Lubudi mahali nilipokuwa nimeiweka. Lakini njia mpya nayo ilikuwa nzuri. Ilikuwa na watu.

Alipokuwa akiondoka nilimpa ujumbe. "Mwambie afunge vitu vyake. Nikimaliza tu kushona nguo za shule, tunakuja kumchukua."

"Nitamwambia," alisema.

Alirudi na magunia yake ya samaki, na hakuja kwangu. Nilisikia yuko sokoni siku nzima, na siku iliyofuata. Mwishowe nilikwenda mimi. Nilimkuta anapanga samaki kwenye meza yake, mmoja mmoja, kwa uangalifu ambao samaki wakavu hawauhitaji.

"Mama, hukupita."

"Nilikuwa na kazi, fundi."

"Alisemaje?"

Alimgeuza samaki upande wa pili, akamrudisha upande wa kwanza. "Alifurahi. Aliruka, kweli. Akaita bibi, akaita majirani. Anasema mukuje, mukuje mbio, mbele ya mvua." Akafukuza inzi. "Na vitu vyake, anasema haina haja ya kuvifunga."

"Ana vitu vichache?"

"Fundi." Sasa alinitazama, na hakuwa anacheka hata kidogo. "Haiko vile. Muongee weye na yeye. Siku ya soko atakuwa ku Bukama, kule kuna rezo ya simu. Nilimupa namba yako."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Sikumbuki nilipita wapi. Nakumbuka moshi wa kiwanda cha Shituru ukielea bila haraka juu ya mapaa, na kwamba nilijikuta nimesimama mbele ya duka la magodoro, naangalia. Godoro lake nilikuwa nimekwisha kununua.

Siku ya soko nilifunga mlango wa kazi na kuiweka simu katikati ya meza, juu ya chaki. Mdogo wangu alikuja pia, akaketi juu ya ndoo. Simu ilipolia tulishtuka wote wawili kana kwamba hatukuwa tukiingojea.

"Allo?"

"Yaya?"

"Njo minye. Ni mimi."

Nyuma yake nilisikia mbuzi, na mtu akibishana juu ya kamba.

"Nilifikiri uko na sauti ya mwanamke mukubwa," alisema. "Kumbe ni sauti yangu."

Na ilikuwa kweli. Mdogo wangu alinyanyua kichwa, akaniangalia mimi, akaiangalia simu. Nilicheka. Naye akacheka, na vicheko vilikuwa kimoja.

Tuliongea juu ya magauni. Tuliongea juu ya bibi, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri ila anajua kwa sauti ya kasia nani anayekuja. Kisha nikamwambia kitanda chake kiko tayari. Nikamwambia kuhusu dirisha, kwamba asubuhi jua linaingia. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mtu aliyefundishwa adabu.

"Yaya, minye niko na bustani huku. Niko na mutumbwi. Niko na bibi."

"Bibi tunaweza kuja naye."

"Bibi haendi mahali. Anasema ataogopa kufia mu nyumba yenye madirisha mengi."

"Basi kidogo tu. Uje ukae mwaka mmoja, uone kwenu."

"Yaya." Hakupandisha sauti. "Mama alipokufa, bibi alitaka mukuje wote. Weye ulikataa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilimwangalia mdogo wangu pale juu ya ndoo, mwanaume mzima na mafuta kwenye kucha. "Sababu ya kaka yako. Hakukuwa na mwingine wa kubaki naye."

"Basi," alisema. "Na minye vile vile."

Miaka yote nilikuwa nikimwona kama kitu chetu kilichowekwa kwa mtu, kitu ambacho kingerudi siku tutakapokuwa na mahali pa kukiweka. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba upande ule wa maji kuna mtu aliyeamka kila asubuhi kama nilivyoamka mimi, akawasha moto kwa ajili ya mwingine, na asingeweza kuondoka. Nilikuwa namwomba afanye lile ambalo mimi nililikataa, stesheni, mbele ya treni. Na alikuwa ananikatalia kwa sauti yangu mwenyewe.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Hapana."

"Mutakuja bado?"

Nilishindwa kujibu upesi, na kimya kile kilimtisha. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilielewa hapo kwamba tangu mama muuza samaki ampe ujumbe wangu alikuwa na hofu moja tu: kwamba akisema hapana, hatutakwenda.

"Tutakuja," nilisema. "Tumeishatoka."

Alishusha pumzi, kisha maneno yakamwagika. Alianza kutupanga. Tusiingie Bukama jioni, mbu ni wengi; tulale juu, kwenye hewa, tushuke asubuhi. Motokari tuiache kwa fundi wa mitumbwi karibu na maji, anamjua. Tusivae viatu vizuri. Kutoka pale atatuchukua yeye mwenyewe. Tutapita kwenye njia nyembamba za maji kati ya matete, na tusishangae tukiona kisiwa kimehama mahali kilipokuwa jana, visiwa vya huko hutembea, upepo ukivisukuma, na wavuvi wengine huishi juu yake na kuamka mbele ya kijiji kisicho chao. Mahali fulani, alisema, ukizima kelele zote unasikia samaki wakila chini ya majani. Mchana tutafunga mtumbwi na kulala humo humo, maana jua la saa zile si la kuchezea. Jioni bibi atatusikia kabla hatujaonekana.

Nilichora nikimsikiliza. Chaki ilifika ukingo wa meza upande wa dirisha na bado alikuwa anaongea, kwa hiyo niliweka chaki chini nikasikiliza tu. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Kwa muda hatukuwa Likasi wala kule. Tulikuwa juu ya maji yale yasiyoamua kama ni mto au ziwa, na mtu ambaye hatujawahi kumwona akiwa mkubwa alikuwa ametupa mgongo na kupiga kasia.

Kadi ya simu ilimwishia katikati ya neno.

Mdogo wangu aliinuka. Alikuja kwenye meza, akaangalia pini.

"Kule kwao uliweka usiku mumoja," alisema.

"Ndiyo."

"Mumoja tu?"

Niliitazama ile pini. Nilikuwa nimeipanga safari ya siku nyingi, na mwisho wake, kwake, usiku mmoja, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu na kurudi. Niliing'oa. Kisha kwa kiganja nikafuta mstari wa kurudi, kutoka dirishani hadi mlangoni, hadi mbao zikabaki tupu.

"Lakini yaya, mvua."

"Itatukuta kule."

"Barabara ikifungwa? Lile daraja la magogo?"

"Basi imefungwa."

Alinitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyesema. Maisha yake yote mimi ndiye niliyejua tutakula nini kesho. Kisha akaanza kucheka, akaketi tena juu ya ndoo, akacheka hadi akashika magoti.

"Na kazi yako?"

Asubuhi yake wateja walianza kuja, mmoja na kitenge cha harusi, mwingine na suruali ya mumewe. Niliwaambia waende kwa fundi wa upande wa soko, anashona vizuri. Waliniuliza, kama watu wanavyouliza, nitarudi lini. Niliwajibu kwamba mdogo wetu wa mtoni bado hajaniambia.